Wananiita nirudi kazini, lakini kama mgeni

Barua

Baba mshauri, jambo sana.

Mimi ni magazinye, mtunza depo, ninakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Tarehe 4 Mei 2015 niliingia kazini katika kampuni inayouzia migodi vipuri na mazutu (dizeli), kwa mkataba usio na muda maalumu. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa dola 420 kwa mwezi.

Tarehe 5 Februari 2024 walifanya inventari wakakuta lita 400 za mazutu hazionekani: fishi, karatasi ya hesabu, inasema zipo, tangi linasema hazipo. Kesho yake nikapewa barua ya kusimamishwa kwa ajili ya uchunguzi. Ripoti yao ina tarehe 14 Februari. Hakuna aliyeniletea demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze. Shefu wa wafanyakazi aliniuliza kwa mdomo tu, tumesimama mlangoni pa depo: "Mazutu iko wapi?" Tarehe 12 Machi nikapokea barua ya kufukuzwa: faute lourde (kosa zito), acte d'improbité (kukosa uaminifu), bila preavizi (notisi). Walinishtaki pia parke, kwa mwendesha mashtaka. Nililala buloko (mahabusu) siku mbili, baadaye faili likawa classé sans suite, yaani likawekwa kando bila kesi. Nilipewa dola 310 za dekonti, yaani siku za Machi na likizo iliyobaki, nikasaini karatasi yenye maneno "pour solde de tout compte", yaani hesabu yote imekwisha.

Agosti 2025 magazinye aliyechukua nafasi yangu naye akapata upungufu. Safari hii walipima. Kumbe kauntera ya lori la msambazaji ndiyo mbovu: bon, karatasi ya kupokea mafuta, inasema lita 1,000, kwenye tangi zinaingia 980. Bon zilizopita mikononi mwangu kabla ya inventari ile zilikuwa 20. Piga hesabu, Baba.

Sasa wameniita. Wamesema walikosea, nirudi. Lakini karatasi walizonipa ni mkataba wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, na miezi 6 ya kwanza ni ya kujaribiwa. Mshahara ni uleule. Juu ya karatasi kuna jina la kampuni nyingine, ya kuweka wafanyakazi. Ukurasa wa mwisho una mstari unaosema sina dai lolote la nyuma. Wamenipa mpaka Ijumaa.

Mama watoto anasema nisaini, shule imefunguliwa na watoto ni watatu. Shemeji anasema nisiguse karatasi, niende moja kwa moja tribinali. Je, miaka yangu karibu tisa imekufa?

Magazinye wa Kampemba

Jibu

Baba wa Kampemba,

Kazi usiikatae, lakini karatasi hiyo usiisaini jinsi ilivyo. Mama watoto ana haki kuhusu kazi, shemeji ana haki kuhusu karatasi, na kati yao wawili iko njia ambayo unaweza kuianza kabla ya Ijumaa.

Miaka yako haijafa. Itakuwa mahututi siku utakapoweka saini kwenye ukurasa ule wa mwisho, maana baada ya hapo kuifufua ni kesi, na wao watakuwa na saini yako mkononi.

Kuna kurudishwa, na kuna kuajiriwa upya. Mdomoni yote mawili huitwa "kurudi kazini", na huenda hata shefu wa wafanyakazi anayachanganya bila nia mbaya. Kwenye karatasi ni mbingu na ardhi. Kurudishwa, yaani réintégration, ni kusema kwamba barua ya kufukuzwa imeondolewa na mkataba wa 4 Mei 2015 unaendelea. Kuajiriwa upya, yaani réengagement, ni kusema mkataba ule ulikufa tarehe 12 Machi 2024, na sasa anaingia mtu mpya ambaye kwa bahati ana jina lako. Mfanyakazi aliyeiba kweli, akafukuzwa kihalali, kisha patron akamwonea huruma baada ya mwaka, huyo huajiriwa upya, na hana la kusema sana akihesabiwa tangu siku ya pili aliyoingia, labda convention collective ya kampuni yake (makubaliano ya pamoja ya mwajiri na wafanyakazi) iseme vingine. Wewe si huyo. Wao wenyewe wamekiri walikosea.

Tuone tofauti hiyo kwa dola. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002, ile namba 015/2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, kifungu cha 64, inatoa preavizi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa kazi mfululizo, unaohesabiwa tarehe kwa tarehe. Chukua kwamba kampuni inataka kukuachisha tarehe 30 Septemba 2026. Ukiwa umerudishwa na tarehe yako ya 2015, una miaka 11 kamili: 14 jumlisha 77, siku 91. Kwa desturi ya kugawa mshahara wa mwezi kwa siku 26, hiyo ni dola 1,470, bila kuhesabu marupurupu. Kwa mkataba wanaokupa, siku hiyo miezi 12 imekwisha, unaaga na kuondoka bila preavizi hata ya siku moja. Likizo nayo: mtu mzima hupata siku moja ya kazi kwa kila mwezi, yaani 12 kwa mwaka, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yuleyule. Wewe mwenye miaka 10 una 14. Mgeni ana 12, na anangoja mwaka mzima kabla ya kuzidai.

Mkataba wenyewe una kasoro nyingine tatu. Kwanza miezi 12: sheria inataka mtu anayeajiriwa kwa kazi ya kudumu ya kampuni apewe mkataba usio na muda maalumu, na depo ya mazutu na vipuri haifungwi Desemba. Pili majaribio: miezi 6 ndiyo kiwango cha juu kabisa sheria inachoruhusu, na majaribio ni ya kumpima mtu asiyejulikana. Wewe wamekupima karibu miaka tisa. Wasiwasi wetu ni kwamba wakati wa majaribio mtu huachishwa kwa urahisi, na mwenye kinyongo na kesi ya zamani anajua hivyo. Tatu, lile jina la juu. Kampuni ya kuweka wafanyakazi si mwajiri wako wa 2015. Ukisaini nayo, atakayekuja kuulizwa kuhusu miaka yako atajibu, "Sisi hatumjui huyu kabla ya Oktoba." Mwajiri akibadilika kwa kuuzwa au kuungana, sheria inasema mikataba iliyopo inaendelea na mwajiri mpya. Lakini hapa hakuna kilichouzwa, unahamishwa tu kwa kalamu. Kataa hilo kwanza, kabla hata ya kufika kwenye tarehe.

Sasa, una nguvu gani ya kukataa? Unayo, ingawa si yote iko pale watu wanapodhani.

Ya kwanza ni sababu yenyewe. Kifungu cha 62 kinasema mkataba usio na muda maalumu hauvunjwi na mwajiri ila kwa sababu halali, na ikiwa ni jambo linalohusu mwenendo wako, lazima upewe nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unasema hivyohivyo. Swali la mlangoni pa depo si nafasi ya kujitetea. Demande d'explication kwa karatasi, na siku za kuijibu, ndiyo inayoonyesha ulisikilizwa, na ndiyo maana kampuni zenye washauri wazuri haziikosi. Halafu "improbité" ni udanganyifu wako wewe, lazima uonyeshwe. Upungufu kwenye tangi unaonyesha tu kwamba mafuta hayapo. Bon 20 mara lita 20 ni lita 400 kamili, na hesabu hiyo ni wakili wako bora kuliko avoka yeyote.

Jiandae tu kwa jibu moja ambalo mtu wa karakana atalitoa: "Mazutu hupungua ikipoa." Ni kweli, lakini ni karibu lita 8 kwa kila 1,000 joto likishuka nyuzi 10. Lita 20 kila safari, mvua na kiangazi, si baridi. Omba nakala za bon zile 20 na karatasi ya upimaji wa Agosti. Wakikataa, andika kwamba uliomba, na tarehe.

Ya pili ni siku. Kifungu cha 72 kinamtaka anayefukuza kwa faute lourde aandike barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo. Wakihesabu toka inventari ya 5 Februari, siku ya kumi na tano, Jumatatu hadi Jumamosi, ilikuwa Alhamisi tarehe 22 Februari. Watajitetea kwamba hawakujua kwa hakika mpaka ripoti ya 14 Februari. Sawa, wahesabu toka hapo: inakuwa Jumamosi tarehe 2 Machi. Barua yako ni ya tarehe 12 Machi. Wamechelewa kwa hesabu zote mbili.

Hapa wengi hukosea, pamoja na baadhi ya madelege, wajumbe wa wafanyakazi. Kuchelewa kunafunga mlango wa kufukuza bila preavizi. Peke yake hakugeuzi sababu kuwa batili. Kwa kuchelewa unadai preavizi ya wakati ule: ulikuwa na miaka 8 kamili, kwa hiyo 14 jumlisha 56, siku 70, dola 1,130 na senti, pamoja na marupurupu ya siku hizo. Kwa kukosa sababu halali unadai kifungu cha 63, ambacho ndicho kinachotaja réintégration kwa jina: mfanyakazi aliyeachishwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa, na ikishindikana, fidia inayopangwa na tribinali kwa kuangalia kazi, umri, miaka ya kazi na haki alizozipata, isiyozidi mishahara 36 ya mwisho. Kwako 36 mara 420 ni dola 15,120. Hicho ni kikomo, si bei. Asije mtu akakuahidi kiasi hicho ili umlipe advansi.

Ya parke iweke mahali pake. Classé sans suite si hukumu ya kukusafisha, ni parke kuamua kutoendelea. Itoe kama karatasi moja kati ya karatasi zako, usiisimamishe kama nguzo ya nyumba.

Na ile "pour solde de tout compte" isikunyime usingizi. Kwa Sheria ya Kazi yetu, kusaini dekonti hakumfanyi mfanyakazi aache haki zake. Kinachobaki ni kwamba zile dola 310 ulizipokea. Ukirudishwa, siku za likizo ulizolipwa zitahesabiwa umekwisha kuzichukua, usije ukazidai mara ya pili.

Twende kwenye Ijumaa. Kesho andika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni yako ya zamani, si kwa ile ya kuweka wafanyakazi. Kwa kuwa faili zao zote ni za Kifaransa, andika Kifaransa, hivi:

"J'accepte ma réintégration dans mon emploi de magasinier, avec maintien de mon contrat à durée indéterminée et de mon ancienneté depuis le 4 mai 2015. Je ne peux signer le contrat proposé, qui me traite comme un nouvel engagé. Je réserve tous mes droits nés du licenciement du 12 mars 2024."

Yaani: ninakubali kurudishwa katika kazi yangu, mkataba na miaka vikiwa vilevile; mkataba mnaonipa siwezi kuusaini kwa sababu unanifanya mgeni; haki zangu zote zilizotokana na kufukuzwa ninazihifadhi. Neno la kwanza ni "ninakubali", na liko pale makusudi. Ukija kufika tribinali, wasiseme tulimwita akakataa. Toa nakala mbili. Moja iache sekretarieti, ya pili wakugongee muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea. Wakikataa kugonga muhuri, nenda na watu wawili wasio ndugu zako, waandike majina yao na saa chini ya nakala yako.

Je, wakisema njoo uanze tarehe 1 Oktoba, karatasi tutarekebisha baadaye? Nenda ukafanye kazi, njaa haisubiri karatasi. Ila chochote watakachokusainisha kwanza, juu ya saini yako andika kwa mkono "sous réserve de tous mes droits, notamment mon ancienneté depuis le 4 mai 2015", yaani ninahifadhi haki zangu zote, hasa miaka yangu ya kazi tangu 4 Mei 2015. Na ukurasa wa kuacha madai usiusaini hata kwa reserve. Reserve na kuacha madai kwenye ukurasa mmoja ni sawa na kusema ndiyo na hapana kwa pumzi moja, na hujui hakimu atasikia lipi.

Siku hiyohiyo au kesho yake peleka barua Inspeksioni ya Kazi, kuomba conciliation, yaani kupatanishwa. Si hiari: kifungu cha 298 kinasema kesi ya kazi haipokelewi tribinali kama haikupita kwanza kwa mkaguzi wa kazi. Ndiyo maana ushauri wa shemeji wa kwenda tribinali moja kwa moja ungekurudisha nyumbani. Ambatisha nakala, si karatasi zenyewe: mkataba wa 2015, karatasi tatu za mwisho za mshahara, barua ya kusimamishwa, barua ya kufukuzwa, mkataba mpya wanaokupa, na barua yako yenye muhuri. Kama kampuni ina sindika (chama cha wafanyakazi), delege aje nawe. Hata mnapoelewana na kampuni kwa amani, pitieni hapo. Makubaliano ya ofisini kwa shefu wa wafanyakazi hubaki kwenye droo yake. PV, yaani hati rasmi, ya conciliation ina saini ya mkaguzi, na inaweza kuwekewa formule exécutoire ili itekelezwe kama hukumu.

PV ndiyo karatasi utakayoishi nayo, kwa hiyo isome neno kwa neno kabla mkaguzi hajaifunga. "Le travailleur reprend le service" (mfanyakazi anarudi kazini) haitoshi, hata mgeni huanza service. Tafuta mambo haya yaandikwe waziwazi. Kwanza barua inaondolewa: "L'employeur rapporte la lettre de licenciement du 12 mars 2024, réputée n'avoir produit aucun effet et retirée du dossier", yaani ihesabiwe kama haikuwahi kuwa na nguvu, na itolewe kwenye faili. Bila hiyo, siku utakapogombana nao kwa jambo dogo watafungua faili na kusema ni mara ya pili. Kisha mkataba unaendelea: "Le contrat du 4 mai 2015 se poursuit sans interruption, la période du 12 mars 2024 au 30 septembre 2025 compte comme temps de service pour le préavis, le congé et tous les avantages liés à l'ancienneté", yaani kipindi ulichokaa nje kihesabiwe kuwa cha kazi kwa preavizi, likizo na kila haki ya miaka ya kazi. Na mwisho kazi yenyewe: magasinier, kategoria ileile, "sans période d'essai", bila majaribio.

Mstari wa katikati ndio watakaoung'ang'ania, na una mitego miwili. Mmoja ni kukubali miaka ya zamani "pour la prime d'ancienneté", yaani kwa marupurupu ya miaka ya kazi, peke yake. Utafurahi kuona prime, lakini preavizi na likizo vimebaki nje. Mwingine ni kuhesabu 2015 hadi 2024, halafu kuruka kipindi ulichokaa nje, kisha kuendelea Oktoba 2025. Inaonekana ni jambo la haki, hukufanya kazi miezi hiyo. Lakini kwa mfano wetu wa 30 Septemba 2026 unashuka kutoka miaka 11 hadi 9, preavizi kutoka siku 91 hadi 77. Kibaya zaidi, sheria inasema miaka "mfululizo", na pengo likishaandikwa kwenye PV, wewe mwenyewe umekubali kwamba mfululizo ulikatika.

Mishahara ya kipindi cha nje ni habari nyingine, na hapa tutakuwa wakweli nawe. Kifungu cha 63 kinataja kurudishwa, hakiandiki kwamba mishahara yote ya katikati inalipwa. Ni zaidi ya miezi 18, takriban dola 7,800. Omba yote, na uwe tayari kuongea. Kama ni lazima uachie kitu mezani, achia sehemu ya pesa hizi kabla hujaachia siku moja ya ancienneté: pesa huisha kwa ada ya shule na bukari, tarehe ya 2015 inafanya kazi mpaka siku ya mwisho. Kama ulibeba watu kwa moto (pikipiki) au kuuza chochote miezi hiyo na wakakuuliza, usifiche. Uongo mdogo mbele ya mkaguzi unaharibu habari ya lita 980.

Angalia pia pesa hizo zinaitwaje kwenye PV. Zikiitwa "dommages-intérêts" au "indemnité transactionnelle" (fidia), CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, haiingii, na miezi hiyo inakuwa matundu kwenye hesabu ya pensheni yako. Zikiitwa "arriérés de rémunération" (malimbikizo ya mshahara), kampuni inatoa asilimia 13 yake na wewe unakatwa 5. Utaona umekatwa, vumilia. Dai watangaze CNSS mwezi kwa mwezi, na karatasi za mshahara ziwe za mwezi kwa mwezi vilevile. Wakizirundika zote kwenye karatasi moja ya Oktoba, kodi ya mshahara, ambayo hupanda kwa ngazi, inaweza kukata zaidi ya inavyopaswa. Na kama mtoto alilazwa wakati huo, peleka risiti za hospitali: matibabu ya familia ni mzigo wa mwajiri, na mkataba ulioendelea uliendelea na huo pia.

Wakikataa kila kitu, omba PV ya non-conciliation (kwamba hamkupatana), usiondoke Inspeksioni bila nakala. Hiyo ndiyo tiketi ya tribinali ya kazi, ambako hakimu hukaa na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa upande wa wafanyakazi. Madai yaandikwe kwa mpangilio: réintégration kwanza, fidia ya kifungu cha 63 kama haiwezekani, na preavizi ya siku 70 kwa vyovyote. Usidai fidia peke yake kwa hasira, kisha uje ushangae mbona hawakurudishi. Ujue pia kwamba mwajiri asiyekutaka kabisa kwa kawaida huishia kulipa, halazimishwi kukufungulia geti.

Muda bado unao, lakini si mwingi kwa kila kitu. Madai yanayotokana na mkataba hufa baada ya miaka mitatu, kwa hiyo kufukuzwa kwako kunafika ukingoni tarehe 12 Machi 2027. Madai ya mshahara uliokwisha kuufanyia kazi hufa baada ya mwaka mmoja tu. Kama walikupunja siku za Februari au Machi 2024, hiyo huenda imeshapita, usiifanye kichwa cha barua.

Mkielewana, kazi yako ya mwisho ni mwishoni mwa Oktoba. Karatasi ya kwanza ya mshahara ina mstari mdogo, date d'engagement (tarehe ya kuajiriwa), ambao hutoka kwenye mashine na mara nyingi hakuna aliyeurekebisha. Ukikuta 01/10/2025, usisaini kwamba umeipokea. Rudi siku hiyohiyo na nakala ya PV mpaka isome 04/05/2015.